Rozina Katepa, Mama wa Maua ya Sebuleni

1953 – 2025

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, marehemu mke wangu aliamka kabla yangu, kama siku zote. Ilikuwa baridi ile ya Juni mnayoijua wenyewe, upepo unaingia hata pasipo na tundu. Aliwasha jiko, akachemsha maji, akajaza chupa ya chai. Maji yaliyobaki akayachanganya na ya baridi, akalowesha kipande cha kitenge chakavu, akaanza kufuta majani ya maua yake. Jani moja moja, mkono mmoja chini ya jani, mkono mwingine juu. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, nakunywa chai.

Simu ikalia. Alikuwa Valerian, mtoto wetu wa pili, ambaye anafanya kazi Morogoro. Mama akaweka sauti ya wote kusikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

Valerian akasema yale aliyokuwa akiyasema tangu mwaka jana. Tufunge nyumba, tuhamie kwake. Morogoro kuna joto, hospitali iko karibu, wajukuu wapo.

"Na maua?" mama akauliza.

"Maua tutanunua mengine, mama. Huku yanauzwa barabarani."

"Na baba yako naye utanunua mwingine barabarani?"

Valerian akacheka. Mimi chai ikanipalia. Mama akasema, "Nitafikiri, mwanangu," akarudi kwenye majani yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Swali la Valerian halikuzikwa. Tangu juzi watu wananiuliza mimi: mzee, nyumba itafungwa? Na maua yaende wapi? Mtasikia jibu katika karatasi hii, maana mama mwenyewe alilijibu.

Marehemu Rozina Katepa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, Kaengesa, akiwa mtoto wa nne wa mzee Mathias Katepa na mama Salome. Wazazi wake walilima ulezi, mahindi na maharage. Walilima kwa intumba, yale matuta ya duara ya Kifipa, nyasi zinafukiwa chini ya udongo mpaka zioze, na mvua zikirudi tuta linasambazwa na kupandwa. Alipokuwa mdogo Rozina aliingiza mkono ndani ya tuta akakuta kuna joto. Akakimbia nyumbani kusema kuna kuku anaatamia mle ndani. Mama yake akamwambia hakuna kuku, ni nyasi zinajipika. Alinisimulia jambo hili mara nyingi, na kila mara alicheka upya, kama aliyelisikia siku hiyo.

Alisoma shule ya misheni pale Kaengesa kuanzia mwaka 1962 hadi 1965, akamaliza darasa la nne. Kwa wakati ule na kwa mtoto wa kike, ilikuwa mbali. Mimi sikusoma. Katika nyumba yetu yeye ndiye aliyesoma barua, yeye ndiye aliyesoma maandishi ya chupa za dawa, na kanisani ndiye aliyenifungulia kitabu cha nyimbo, akaniwekea kidole pale tulipofika. Nilikuwa nazijua nyimbo zote kwa kichwa. Niliacha aniwekee kidole.

Tulifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 1972, katika kanisa la Kaengesa. Mungu alitupa watoto watatu: Debora, Valerian na Modesti. Mwaka 1979 tulihamia Sumbawanga mjini, nikiwa fundi mwashi, na hapa Chanji nikajenga nyumba hii mnayoiona. Nilipokuwa napandisha ukuta wa sebule, marehemu alikuja akasimama, akaonyesha upande linakotoka jua.

"Hapa weka dirisha."

"Hapo upepo utatuua."

"Weka dirisha, Baba Debora. Mapazia nitashona mimi."

Wake za mafundi wengine waliomba vitenge. Wangu aliomba dirisha. Wakati huo hakuwa na ua hata moja. Aliona tu kwamba sebule ni ya giza.

Kwa kazi, marehemu aliuza ulezi na maharage sokoni kuanzia mwaka 1981 mpaka magoti yalipomkatalia mwaka 2015. Genge lake lilitazamana na duka la Bi Kulsumu, mama yake Kheri na mke wa marehemu Selemani aliyekuwa na malori. Hawa wawili walipiga soga za soko zima. Bi Kulsumu yupo hapa leo na atanisahihisha nikikosea.

Mwezi wa tatu mwaka 1991 lori la Selemani lilirudi kutoka Tanga na ua kwenye ndoo. Lina majani mapana yenye matundu, kama jani lililoliwa na panya kwa mpango. Bi Kulsumu aliliweka uani, juani. Baada ya muda likawa njano, likalala. Siku moja alikuwa amelibeba kwenda kulitupa, mama akamsimamisha.

"Mama Kheri, hilo unalipeleka wapi?"

"Jalalani. Limenichosha. Nalipa maji, nalipa jua, linaninunia."

"Nipe mimi."

"Chukua. Ukikuta limekushinda, wape mbuzi. Na usinishukuru, umenipunguzia mwendo wa jalalani."

Alilibeba kichwani kutoka sokoni mpaka Chanji, majani yananing'inia pande zote. Njiani watu walidhani ni mboga. Mama mmoja akamsimamisha pale karibu na mashine ya kusaga, akauliza ni mboga gani ile, hajapata kuiona.

Marehemu akamjibu, "Ni mboga ya kutazama."

Akafika nalo nyumbani, akaliweka hatua mbili kutoka dirishani, siyo dirishani penyewe. Alisema ua lile lilizaliwa chini ya miti mikubwa, linataka mwanga lakini halitaki jua la kuchoma, kama mtu aliyetoka msituni. Sijui nani alimwambia. Nadhani alilitazama tu mpaka akajua. Alikata majani yaliyooza. Alinituma Kaengesa kuleta udongo wa intumba ya zamani, ule mweusi unaovunjika mkononi. Kaka yake Loth akamletea pumba za mpunga kutoka Mtowisa. Alichanganya na vipande vya mkaa, akachoma matundu chini ya ndoo kwa msumari wa moto ili maji yapate pa kutokea.

Ikapita miezi. Siku moja nimerudi kazini, mikono ina saruji, akaniita.

"Njoo uone."

Nikaangalia. Kulikuwa na kitu cha kijani kimejikunja kama mkeka.

"Ni jani," nikasema.

"Ndiyo, ni jani. Kaa."

Nikakaa. Tulikaa pale mpaka ugali ukapoa. Jani halikufunguka siku ile, lakini nilikuwa sijapata kukaa na mke wangu hivyo, bila mtoto kulia na bila mtu kudai kitu, tangu tuoane. Lilipofunguka baada ya siku chache alinituma nikamwite Bi Kulsumu. Akaja, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kumbe lilikuwa linaninunia mimi tu," akasema.

Baada ya hapo yakaja mengine. Yapo yanayotambaa, aliyazungusha ukutani kwa misumari na uzi. Yapo yanayosimama kama mapanga, hayo alisema ni ya watu wavivu, akampa Modesti. Lipo lenye majani ya mistari ambalo jioni huyakunja juu kama watu wanaosali. Hilo aliliita Bibi Arusi, kwa sababu kila kitu kililiudhi. Upepo wa Juni uliukausha ncha za majani yake, maji ya bomba haliyapendi, moshi haliutaki. Akalitafutia sinia la kokoto na maji, akaiweka ndoo yake juu ya kokoto ili lipate unyevu. Maji ya mvua ya Bibi Arusi yalikuwa na ndoo yake jikoni na mfuniko. Siku moja niliyanywa nikiwa na kiu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimeanza kutoa jani.

Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alipokuja kututembelea kutoka kijijini alisimama sebuleni muda mrefu. Kisha akaniita pembeni.

"Kasmir, huko nje mashamba yameisha?"

"Hapana mama."

"Sasa mbona mkeo analima ndani?"

Lakini usiku wa kwanza tu alilala sebuleni na hakutaka tena chumba cha wageni. Alisema kunanukia kama mvua ya kwanza. Na siku ya kuondoka alidai tawi.

Padri alipokuja kubariki nyumba, alinyunyiza maji kila kona. Alipofika kwenye maua, akayanyunyizia nayo kwa ukarimu. Marehemu alikuwa amepiga magoti, macho amefumba. Bila kuyafumbua akasema, "Baba Padri, hayo yamekunywa Jumanne." Padri akamaliza sala kwa shida.

Nisipolieleza hili la maji, mtakuwa hamkumjua. Sisi ni wakulima. Kwetu mmea ukinyong'onyea unaupa maji. Yeye alisema ndani ya nyumba sivyo, kwamba maua mengi ya ndani hayafi kwa kiu, yanafishwa na huruma. Alichoma kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kikitoka kikavu, anamwaga maji mpaka yatokee chini. Kikitoka na udongo, anaondoka. Wakati wa baridi alipunguza kabisa, maana mmea nao unalala. Aliyageuza makopo kidogo kidogo ili kila upande upate mwanga. Jioni za Juni na Julai aliyasogeza mbali na kioo cha dirisha. Mbolea ilikuwa samadi iliyokaa sana, kidogo, na wakati wa mvua tu. Basi. Hapakuwa na siri nyingine.

Ugonjwa wa moyo na shinikizo la damu ulianza kumsumbua mwaka 2023. Novemba 2024 alilazwa kwa mara ya kwanza, wiki mbili, hapa mjini. Mimi nilikuwa naye hospitali kutwa, ufunguo nikauacha kwa kina mama wa jumuiya yetu.

Sasa, kwetu hapa, mtu hawezi kuingia nyumba ya mgonjwa akatoka bila kufanya kitu. Anayefika kwanza anafagia. Wa pili anateka maji. Wa tatu anapasua kuni. Kuanzia wa nne hakuna kilichobaki. Wakaona maua. Kila aliyeingia akayamwagilia, akafunga mlango, akaenda zake moyo mweupe. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Bi Kulsumu naye alikuja na chupa yake ya maji kutoka dukani, akisema ya bomba hayafai.

Mama alipotoka hospitali, tulifungua mlango, sakafu ikalia chini ya viatu. Majani yalikuwa ya njano. Harufu ya bwawa. Bibi Arusi alikuwa amelala kabisa. Kina mama wa jumuiya walikuwa nyuma yetu wamekuja kumpokea kwa nyimbo, na nyimbo zikakatika. Mimi niliogopa. Daktari alikuwa ametuambia asipate mshtuko.

Akasimama katikati, akageuka taratibu, akatazama moja moja. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiti.

"Nani alimwagilia?"

Wakanyoosha mikono. Wote. Bi Kulsumu naye.

"Kila siku?"

"Kila siku, mama Debora," akasema mwenyekiti wa jumuiya. "Tulisema ukirudi uyakute yameshiba."

"Yameshiba kweli. Mmenipenda mpaka mkanizamishia maua. Haya, leteni visu."

Siku ile hakuna aliyerudi nyumbani kupika. Alikaa kwenye kigoda, kina mama wakamzunguka na mabeseni. Akawafundisha kung'oa, kuosha mizizi, kukata ile iliyooza na kuacha nyeupe, kukausha kivulini, kupanda upya kwenye udongo mkavu. Yale yasiyokuwa na mizizi ya kuokoa aliyakata vipande, kila kipande na kifundo chake, akawapa waweke kwenye chupa za maji dirishani mpaka yatoe mizizi. Kila mtu aliondoka na vipande vyake. Mwenyekiti alimuuliza, kwa woga, "Na hili tulipe maji lini?" Mama akamshika kidole chake, akakichoma kwenye udongo. "Uliza huyu. Usiniulize mimi." Ndiyo maana leo ukipita Chanji, nyumba kwa nyumba, utaona chupa na makopo madirishani. Hakuna aliyetangaza. Yalitoka kwenye mafuriko yale.

Bibi Arusi alikaa bila jani hata moja mpaka Februari. Mama alikataa kumtupa. Machi alitoa majani mawili.

Alhamisi ile niliyoitaja, baada ya chakula cha mchana, mama alisema kifua kinabana. Modesti akaleta gari, tukampeleka hospitali. Ijumaa Valerian alipanda basi kutoka Morogoro, Debora akaja kutoka Mpanda. Walimkuta anaongea. Aliwauliza habari za njiani, aliwauliza wamekula nini, akamwambia Valerian amenenepa kama mwenye duka. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, akiwa na miaka sabini na moja. Alikuwa amepakwa mafuta matakatifu. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu na ulikuwa wa joto.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, Padri, katekista, jumuiya, na majirani wote, Wakristo na Waislamu. Kheri, mtoto wa Bi Kulsumu, ametoa gari tangu siku ya kwanza na hataki kuambiwa asante. Jambo moja zaidi nashukuru. Mlipokuja kutoa viti sebuleni ili watu wakae kwenye mikeka, nilidhani maua mtayaweka nje. Ni Juni, yangekufa usiku mmoja. Lakini kina mama mliyabeba moja moja mkayapeleka chumbani kwetu, mkayaweka mbali na kioo. Nimelala nayo usiku huu na uliopita. Asubuhi nilichoma kidole. Hakuna aliyeyamwagilia. Angewasifu.

Marehemu ameacha mume, Kasmir Mwanisawa, watoto watatu, Debora, Valerian na Modesti, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, kaka yake Loth wa Mtowisa, rafiki yake Kulsumu, na maua. Katekista aliposomewa karatasi hii alisema maua hayaandikwi kwenye orodha ya walioachwa. Debora, anayeniandikia, akaniangalia. Nikamwambia ayaache.

Rozina wetu na apumzike. Mungu ampe amani isiyo na baridi.

Lile swali, sasa. Jumapili, tarehe 15 Juni, watoto wote watatu walikuwa wamezunguka kitanda. Valerian aliniambia mbele yake kwamba nikibaki peke yangu katika nyumba ile nitazeeka kwa wiki moja, nitakuwa naongea na makopo. Debora akasema maua yagawiwe jumuiya, mimi niende Morogoro. Walisema kwa upendo. Naogopa nyumba tupu, sitaficha. Naogopa zaidi kuiacha.

Mama alikuwa amefumba macho, tukadhani amelala. Akayafumbua. Akawaambia watoto kwamba baba yao hahami, nyumba haifungwi, na wao waje wakati wa likizo kama watu wengine. Kisha akanigeukia. Nyumba haitafungwa basi, nanyi njooni mbishe hodi mlangoni kwangu. Haya ndiyo aliyoniambia, sikuongeza wala sikupunguza:

"Baba Debora, maua nimekuachia wewe. Ukiyasahau wiki nzima, hayatakufa. Lakini ukijikuta unayamwagilia kila siku, ujue si maua yenye kiu. Weka ndoo chini, toka nje, nenda kwa watu."